Glavu ya Mchanga

Kila jioni, mkwe alipoanza kukaanga vitunguu, bibi aliketi ukingoni mwa kitanda chake, akavua ndara, akaomba. Akifika mwisho wa maombi, alipaa. Si sana, kichwa kiligusa dari, basi. Presha yake ilikuwa nzuri na bado alitunga uzi kwenye sindano bila miwani, kwa hiyo zahanati ilisema haumwi.

"Mama, ukiwa huko juu, tufutie na utando wa buibui," mkwe alisema mlangoni, akamrushia kitambaa.

"Rusha vizuri, mwanangu. Mimi si golikipa."

Alifuta. Balbu nazo alibadilisha yeye.

Zamani mumewe ndiye aliyekuwa akiitikia "Amina," na ombi likaishia hapo. Tangu azikwe hakuna aliyeitikia, na ombi lisiloitikiwa haliishii popote. Lilikuwa likiondoka na mwombaji wake. Bibi alilieleza hilo mezani, bila kulalamika. Mwanawe, fundi mwashi, alisema ameelewa. Akamfunga mguu kwa kamba kwenye tendegu la kitanda.

Jioni moja umeme ulikatika. Fundi aliingia na tochi kutafuta fyuzi, akamkuta mama yake darini, kamba imenyooka mguuni, akirudia maneno ya mwisho. Akamshika mkono asijigonge. Kwa kuwa gizani hakuwa na la kufanya, alisikiliza, kisha akasema, "Amina."

Bibi akashuka taratibu. Visigino vikagusa sakafu.

"Kaa kidogo, baba."

"Nakuja sasa hivi, mama," akasema, maana umeme ulikuwa umerudi na mechi ilikuwa ikiendelea.

Hakuwa mtu wa kupuuza mambo. Alilifikiria hilo kazini, akaona kilichomshusha mama ni uzito wa mkono. Akarudi na glavu yake ya kazi, ameijaza mchanga uliochekechwa na kuifunga mdomo kwa waya. Bado ilikuwa na umbo la vidole vyake.

"Haya, kazi kwisha. Mkono wangu huo, na hauna haraka."

"Ahsante, baba."

Kamba ikafunguliwa, ikaanikiwa nguo.

Sasa bibi huomba akiwa ameishika glavu. Hufika mwisho, husubiri. Hurudia kwa sauti kubwa kidogo, pengine hawakusikia. Sebuleni watu hushangilia goli. Kisha hupaa, yeye na glavu yake, na mchanga huvuja polepole kwenye kidole gumba. Mkwe hufagia chini yake, bila kuinua macho.