Jina la Kumi na Mbili

Nilikuwa mwenyekiti wa kamati ya jiwe la ukumbusho, na yeyote wa bonde la Sorrel atakwambia mdomo wangu hauna breki. Nimewagombeza wakubwa wa kaunti kwa kusimamisha kibao cha jenerali aliyelala hapa usiku mmoja tu, huku wachimba makaa wetu wakikaa zaidi ya miaka sabini bila ukumbusho wowote. Lakini kwa Delphia Noble nilikuwa bubu.

Mgodi Namba Tatu ulilipuka mwaka 1951. Moto ulikataa kuzimika, kampuni ikauziba mlango kwa zege, watu wakiwa ndani. Waliokufa walihesabiwa kwa ubao. Kila mchimbaji alichukua kipande chake cha shaba chenye namba akiingia, akakitundika tena akitoka. Siku ile vipande kumi na viwili havikuwepo ubaoni. Baba yangu, Estill, akajitokeza akasema, "Changu nilikisahau mfukoni jana." Wakaandika watu kumi na mmoja.

Wiki hiyohiyo Dorsey Noble, babake Delphia, alitoweka. Alikuwa amefukuzwa kazi kwa sababu ya chama cha wafanyakazi, na waliofukuzwa walikimbilia viwanda vya Ohio, kwa hiyo hakuna aliyeuliza. Mkewe alingoja barua miaka miwili, kisha akazichoma nguo za mumewe uani.

Mwaka jana, Jumapili ya kupamba makaburi, tulikuwa tumekwisha kufagia na kuweka maua, na vyakula vimepangwa kwenye meza ndefu kando ya uzio. Delphia, mwenye miaka themanini, alikaa pembeni na sahani ya maharagwe na mkate wa mahindi.

"Njoo ukae, Versie. La mama nimeshalipamba. La baba liko Ohio, kimada wake alifagie mwenyewe."

Amelisema hilo tangu tukiwa wasichana, na watu hucheka. Kesho yake fundi angeanza kuchonga majina kwenye jiwe. Nikakaa.

"Dada Delphia, babako hakwenda Ohio."

"Enhe, alifika wapi? Michigan?"

"Yumo Namba Tatu. Aliingia na kipande cha baba. Baba aliamka na pombe kichwani, akampa zamu yake ili nanyi mpate chakula."

Kuingia kwa kipande cha mwenzako kulikuwa jambo la kawaida kwetu. Hakuhitaji kuelezwa.

"Na babako akanyamaza?"

"Aliogopa kufukuzwa. Baadaye akaogopa macho ya mamako."

Hakulia. Aliiweka sahani kwenye nyasi, na mbwa wa mchungaji akaja akala.

"Mama alituambia hatukupendwa," alisema. "Nimekua najua hivyo. We ulijua lini?"

Ningeweza kumdanganya. Baba alinidanganya hata mimi, mpaka siku zake za mwisho.

"Aliniambia akiwa mahututi. Mwaka wa themanini na tisa."

Delphia akalitazama kaburi la mamake, hatua chache tu kutoka tulipokaa.

"Mama kafa tisini na saba."

"Najua."

"Ulileta keki ya tufaha msibani."

"Nilileta."

"Miaka minane, Versie! Kila Jumapili anapita mlangoni kwako akienda kanisani, nawe unampungia mkono."

Nilimwambia nilikuwa nalinda jina la baba. Wanasema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini kifo cha baba hakikumuumbua mtu. Nilimzika na siri yake, nikaona nimetenda wema. Aibu hiyo ni yangu, si yake tena.

Fundi nilimpigia simu jioni ile. Jiwe lilizinduliwa palepale makaburini mwezi wa tisa likiwa na majina kumi na mawili, na mbele ya wote nilieleza lile la mwisho lilikosekanaje.

Delphia hakuja mbele. Alipita kando ya jiwe, akaenda moja kwa moja kwa mamake, akapiga magoti kwa shida, mkono mmoja juu ya kaburi.

"Mama, hakutuacha."

Kisha akarudia kwa sauti kubwa zaidi, kama tunavyosema na wazee wasiosikia vizuri. Akarudia tena. Sote tulimsikia, na hakuna aliyethubutu kwenda kumwinua.