Pembe Zilizotazama Chini

Mwanakhamis hakununua darubini ili aone nyota. Nyota za Houston, kwa wingi wa taa zilivyo, ungezihesabu zote kabla chai haijapoa. Aliinunua kwa ajili ya mwezi na kwa ajili ya ubishi, na ungemuuliza kipi kilitangulia angekwambia ubishi.

Miaka tisa aliyokaa Alief, mtaa wa Houston, Idi ilikuwa ikimjia kwa simu. Ujumbe mmoja unasema kesho, mwingine unasema kesho kutwa. Mwaka mmoja yeye alikula biriani huku mdogo wake Intisar, anayeishi naye nyumba moja, bado amefunga na amemnunia. Siku ile aliapa kwamba hatangoja tena kuambiwa na mtu mbinguni kuna nini. Na kulikuwa na kinyongo cha zamani pia. Utotoni kwao Wete aliwahi kuwa wa kwanza kuuona mwezi mwandamo. Alimwonyesha binamu yake kwa kidole, binamu akatoka mbio hadi msikitini, na jina lililotajwa jioni ile likawa la binamu. Alikuwa na miaka minane. Sasa ana arobaini na mitatu, na kila likimjia hukunja sura. Alitaka jambo moja tu, kwamba siku moja tangazo la mwezi litoke na jina lake ndani yake.

Darubini yenyewe aliipata kwa familia moja ya Sugar Land iliyokuwa ikihama na kuuza vitu vyake kwenye gereji. Lilikuwa bomba jeupe nene kama ndoo ndogo, kioo kimekaa chini ndani yake, na miguu mitatu ambayo mmoja ulikosa skrubu. Wiki mbili za mwanzo alifanya makosa yote ambayo mtu anaweza kuyafanya. Aliweka lenzi kali kuliko zote, akaona giza tupu. Akigusa bomba kidogo, mbingu nzima inatetemeka. Tatizo hilo alilimaliza mwenyewe, kwa kuning'iniza mfuko wa mchele katikati ya miguu mitatu, na tangu hapo darubini ikatulia. Karatasi ya maelekezo aliikunja akaitia mfukoni bila kuisoma. Mtu aliyelelewa na kina mama wa Wete haelekezwi na karatasi namna ya kuutafuta mwezi.

Jioni ya ishirini na tisa Rajab alitoka kazini, kwenye nyumba ya wazee anakohudumu Sugar Land, akaendesha gari mpaka Stafford, nyuma ya maghala, mahali ambapo magharibi pako wazi hadi mwisho wa macho. Jua lilipozama aliangalia kwa macho matupu asione kitu. Akainama kwenye lenzi, akawa anapekua anga polepole, kulia, kushoto, kulia tena, robo saa nzima. Kisha ukaingia. Ulikuwa mwembamba kama ukucha uliokatwa, na ulikuwa ukitikisika kwenye joto la chini ya anga. Mwanakhamis alilia pale pale, peke yake, baina ya malori.

Alimpigia Maalim Mwadini. Huyu ana duka la nyama na viungo pale Alief, na ndiye mwenyekiti wa kamati ya mwezi ya jamaa wa Pwani na Visiwani. Kamati hiyo ilikubaliana zamani kufuata mwezi wa Texas tu, utakaoonekana Houston au kwa wenzao wa Dallas. Maalim ni mtu wa haki, na alimuuliza maswali yale yale anayoulizwa kila shahidi: saa ngapi, upande gani wa jua, juu kiasi gani. Mwanakhamis akajibu yote bila kusita.

"Na pembe zake zilitazama wapi?"

"Chini," alisema Mwanakhamis.

Maalim akalirudia neno hilo kwa sauti kwa waliokuwa naye. Kisha akasikia kicheko, na kicheko hicho alikijua. Kilikuwa cha Muzammil, dereva wa malori na katibu wa kamati, ambaye hakuwahi kukutana na nafasi ya mzaha akaiacha ipite.

"Huo si mwezi," alisema Muzammil kwa nyuma. "Huo mwavuli."

Mwezi mwandamo hutazamisha pembe zake juu, kwa hiyo ushahidi ulikataliwa, Rajab ikatimizwa siku thelathini. Mzaha haukukataliwa na mtu. Hadi Jumamosi Mwanakhamis alikuwa ameshapewa jina, Bi Mwavuli. Dukani mwanamke mmoja alimuuliza kwa upole wa uwongo kama wiki hii itanyesha. Kwenye group yao ya simu watu walituma picha za miavuli ya kila rangi. Intisar alitaka kuwajibu, akazuiwa. Mwanakhamis alisema atajibu mwenyewe akishapata la kuwajibu.

Maana hilo hakuwa nalo. Jioni iliyofuata mwezi ulikuwa umesimama juu ya barabara kuu, mnene, unaonekana hata na asiyeutafuta, na mtu mwenye akili angeukisia ni wa siku ya pili. Lakini pembe zilikuwa juu. Mwanakhamis aliegesha gari akautazama kwa muda. Alikuwa na hakika kwamba jana ziliangalia chini, na alikuwa na hakika kwamba mwezi haufanyi hivyo. Mzaha wa Muzammil angeuvumilia. Kuyatilia shaka macho yake mwenyewe ndiko kulikomnyima usingizi.

Jumapili mchana, kwa hasira zaidi kuliko kwa busara, akaikunjua ile karatasi. Mstari wa kwanza kabisa ulisema: kabla ya kuangalia mbinguni, elekeza darubini mchana kwenye kitu kilicho mbali, ili kidarubini kidogo cha kulengea kilingane na bomba kubwa. Alikuwa hajafanya hivyo hata mara moja. Ndiyo maana ule mwezi aliutafuta robo saa. Akaitoa darubini kwenye roshani, akalenga mnara wa maji wa upande wa Stafford, akainama.

Mnara ulikuwa umesimama kichwa chini. Tangi lilikuwa chini, miguu imeelekea juu, na maandishi yake yamepinduka. Aliinua uso, mnara ukawa sawa. Akainama, ukapinduka tena. Alianza kucheka, akacheka mpaka Intisar akatoka jikoni na upawa mkononi akidhani dada yake kashikwa na jambo. Intisar naye akainama kwenye lenzi.

"Dada, hii kitu ina-turn kila kitu," alisema. "Juu imekuwa chini."

"Kwa hivyo mimi nilisema kweli," alisema Mwanakhamis. "Wao ndio hawakujua kuuliza."

Ijumaa alibeba darubini na mfuko wake wa mchele hadi kwenye maegesho ya msikiti, akalenga mnara ule ule, akasubiri watu watoke. Maalim Mwadini alipotoka alimwomba atazame. Mzee alishika kofia yake, akainama, akakaa hivyo muda mrefu. Alipoinuka alisema Subhanallah, kisha akasema amemkosea na anamwomba radhi. Mtu mwingine angeridhika hapo. Mwanakhamis hakuridhika, na mimi simlaumu.

"Maalim, mimi nilichekwa mbele ya watu mia mbili," alisema. "Radhi ya kwenye maegesho siitaki."

Mwadini alimtazama, akatabasamu kidogo, akasema ana haki. Jioni ile alituma kwenye group ujumbe wa sauti wa dakika nne akieleza habari ya vioo, mnara na pembe, na akasema mwezi wa Bi Mwanakhamis ulikuwa mwezi wa kweli. Muzammil, ambaye hasikilizi ujumbe wowote unaozidi dakika moja, aliweka alama ya dole gumba akaendelea na safari yake. Wapo walionung'unika kwamba ushahidi wa mwanamke katika mwezi una maneno. Maalim akawanyamazisha kwa utaratibu mpya: Mwanakhamis atautafuta, na wanaume wawili wa kamati wataangalia baada yake kwenye lenzi ile ile. Mwanakhamis alikubali, ingawa alisema wazi kwamba atakayeutafuta ndiye atakayetajwa kwanza.

Ramadhani ikaingia. Jioni ya ishirini na tisa ikaangukia Alhamisi.

Kila mtu alikuwa ameshaamua kwamba Idi ni Ijumaa. Ukumbi ulikuwa umeshachukuliwa Sugar Land, nyama imeshatiwa viungo, watoto wameombewa ruhusa shuleni. Mwanakhamis mwenyewe alikuwa amepewa mapumziko Ijumaa. Jumamosi alipangwa zamu ya kutwa nzima na hapakuwa na wa kubadilishana naye. Idi ikiwa Jumamosi ataisalia kwenye chumba cha kufulia cha nyumba ya wazee, kama ilivyokuwa miaka mitatu mfululizo. Alijua hilo tangu asubuhi. Aliomba kwa moyo wote mbingu iwe safi.

Haikuwa safi. Wingu lilitoka upande wa Ghuba mchana, likafunika Stafford nzima. Dallas walipiga simu kusema kwao mvua inamwagika. Nyuma ya maghala palikusanyika magari kama ishirini, watu wameshika tende na chupa za maji, na wote wanamwangalia yeye. Bi Mwavuli hakutajwa na mtu jioni ile. Walimwita dada, walimwita shangazi, mmoja alimletea kiti.

Jua lilipozama watu walifungua. Yeye alitia tende moja mdomoni akarudi kwenye lenzi. Dakika kumi baadaye wingu lilipasuka kidogo upande wa magharibi, ufa mwembamba wa rangi ya machungwa. Alilenga pale pale, na safari hii kidarubini cha kulengea kilikuwa sawa. Alipekua ufa ule kutoka mwanzo hadi mwisho, mara tatu. Hapakuwa na kitu. Alipekua mara ya nne kwa sababu aliitaka Ijumaa ile kuliko wote waliokuwepo. Hapakuwa na kitu.

"Sijauona," alisema.

Muzammil alimsogeza kwa adabu akainama yeye. Alikaa kidogo, akashusha pumzi. "Mimi nimeuona. Mwembamba, kama uzi. Alhamdulillahi, Maalim, nimeuona."

Ufa ulikuwa umeshafungwa kabla mtu wa pili hajatazama, lakini kwa furaha hakuna aliyeukumbuka utaratibu. Watu wakaanza kukumbatiana, wengine wanapiga simu majumbani. Intisar alimshika dada yake mkono. Mwanakhamis aliiona Ijumaa yake pale, imeandaliwa kama sahani, na kitu pekee alichotakiwa kufanya ili aipate ni kunyamaza. Na tangazo lingemtaja. Lingesema umeonwa kwa darubini ya Bi Mwanakhamis.

"Muzammil," alisema. "Pembe zake zilitazama wapi?"

Muzammil akacheka. "Juu, dada. Pembe za mwezi zitazame wapi tena?"

Maalim Mwadini alikuwa amenyanyua simu kuwatangazia watu. Aliishusha. Alikwenda kwenye darubini, akaigeuza kwa mikono miwili kuelekea nguzo ya taa ya ghala lililo mbali, akamwashiria Muzammil atazame. Muzammil akainama. Alichelewa sana kuinuka.

"Labda macho yangu," alisema hatimaye, kwa sauti ndogo. "Tangu jana sijalala, niko barabarani."

"Yumkini," alisema Mwanakhamis. Hakumcheka, ingawa zamu ya kucheka ilikuwa yake.

Mtu mmoja nyuma alisema kwa hasira kwamba watu wamesha-book ukumbi, wamechukua off, huyu mama anataka nini. Wengine wakaguna pamoja naye. Mwanakhamis aliwageukia wote.

"Mlinicheka niliposema nimeuona," alisema. "Leo nuneni nikisema sikuuona. Sikuuona."

Magari yaliondoka moja moja, bila maagano marefu. Intisar alikunja miguu ya darubini akabeba mfuko wa mchele. Walikuwa wamefika taa ya pili kuelekea Alief wakati simu zote mbili zilipolia pamoja, na Intisar akaufungua ujumbe. Ulikuwa mfupi safari hii, chini ya dakika moja, sauti ya Maalim Mwadini ikisoma polepole kama anayesoma mbele ya ukumbi. Mwezi haukuonekana Texas jioni ya leo. Kesho ni siku ya thelathini, na Idi ni Jumamosi. Shahidi ni Mwanakhamis binti Haji, wa Wete.

Mwanakhamis alimwambia Intisar auweke tena. Akausikiliza mara tatu, taa ikawa ya kijani na walio nyuma wakawapigia honi, na yeye hakusogea mpaka jina lake lilipokwisha kusomwa. Kisha akaendesha gari kwenda nyumbani kupika daku.