Nyuki wa Mlangoni kwa Selestina

Jumamosi asubuhi Selestina alikuwa jikoni kwake, Nyegezi, akichanganya keki. Mama mkwe wake, Kashindye, alikuwa na ugonjwa wa sukari, na mume wa Selestina, Mashimba, alikuwa ameleta dumu la asali kutoka Sikonge akasema sukari isionekane tena ndani ya nyumba ile. Nesi aliwaambia asali nayo huliwa kwa kipimo, lakini Mashimba alikuwa ameshaamua. Kwa hiyo Selestina alijifunza. Pale alipozoea kutia kikombe kizima cha sukari alitia asali pungufu ya hapo, akapunguza maziwa pia ili rojo lisiwe jepesi. Mkaa wa juu ya mfuniko akauweka mchache, kwa sababu asali huwahi kuungua.

Keki ilitoka laini, ya kahawia. Kashindye alikula kipande, akaongeza kingine.

"Hii ndiyo keki," alisema. "Mwanamke anayejua hivi asomee nini tena?"

Selestina alikuwa amepata nafasi ya kusomea ualimu, Butimba. Mashimba hakuwa amekataa. Alisema wasubiri mama apate nafuu. Kabla ya hapo alikuwa amesema wasubiri nyumba iezekwe, na nyumba ilikuwa imeshaezekwa.

Mchana huo nyuki walikuja. Walitua kwenye fremu ya mlango wa mbele, wakaanza kujenga. Kashindye alitoka kwenda kuota jua, wakampisha. Selestina alipochukua ndoo kwenda bombani, walijikusanya mbele yake wakawa kama godoro, wakamrudisha ndani taratibu. Alijaribu mlango wa uani. Huko nako walikuwapo.

Mashimba alirudi kutoka Usagara, kwenye duka lake la matairi, akaelezwa.

"Wanauma?"

"Hawaumi."

"Sasa shida iko wapi?" Alivua viatu. "Maji nitamwambia mtu alete."

Maji yaliletwa. Unga pia, na mkaa.

Siku ya kuripoti chuoni Selestina alivaa sketi ya bluu na blauzi nyeupe, akabeba begi. Aliwasukuma nyuki kwa mikono yote miwili. Walikuwa wa moto, na ngurumo yao aliisikia kifuani. Begi walilipitisha, likaangukia nje. Yeye hawakumpitisha. Mvua ilipoanza, Kashindye alitoka akaliokota, akalirudisha ndani lisilowe.

Dada yake Selestina, Rozina, alikuja kutoka Musoma kumchukua. Aliingia bila taabu.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu keki."

Rozina hakukaa. Alirudi nje, akamshika Selestina mkono, akavuta. Mkono ulitoka mpaka kwenye kiwiko, hapo ukagota. Alivuta mpaka akachoka, akakaa chini akalia.

"Tuwapige moshi," alisema.

"Jikoni kwangu kuna moshi kila siku, dada. Wameshauzoea."

Rozina akaenda kumwita Getruda, aliyeongoza sala za jumuiya pale mtaani. Getruda alikuja na wanawake wenzake, wakaitazama nta iliyokuwa imeshafika kwenye bawaba.

"Mimi nataka kutoka," Selestina aliwaambia. "Nataka kwenda kusoma."

Alisema kwa sauti, na wote walisikia. Getruda alimshika bega. Kashindye akaleta keki, wakala. Getruda aliuliza kama kweli haina sukari hata kidogo, akajibiwa ni asali tupu. Wakasali. Kisha wakakubaliana kwamba kwa kuwa Selestina hawezi kwenda kwenye sala, sala zitafanyika kwake, naye atawaandalia keki, maana wengi wao walishaambiwa wapunguze sukari.

Rozina alirudi Musoma peke yake.

Sasa wanawake huja kila Alhamisi mchana. Huimba, hula, humuuliza vipimo. Wakimaliza hutoka mmoja mmoja na nyuki huwapisha. Selestina huwasindikiza mpaka kizingitini, anawaaga kila mmoja kwa jina, kisha anarudi ndani kuosha vikombe.