Mlima wa Pikapu ya Moshi

Wiki iliyopita Moshi aliongeza presha ya turbo kwenye pikapu yake ya dizeli ili ikimbie zaidi, injini ikachemka mlimani, na mama mkwe akakosa zamu ya kupasuliwa jicho. Safari hii, wakirudi hospitali, fundi alikuwa ameishusha presha hiyo. Mlimani, lori la magunia likawapita taratibu.

"Mkwe wangu, hata hilo?" mama akauliza. "Juzijuzi si tulipaa?"

"Tulipaa mpaka nusu ya mlima, mama."

Mama akacheka mpaka miwani ikateleza. Moshi akatupia jicho mshale wa joto la injini. Ulikuwa umetulia katikati. Wakafika mapema, kliniki ya macho hospitalini wakaikuta bado haijafunguliwa.

"Jicho likishapona," mama akanong'ona, "mwambie fundi aongeze kidogo tu. Nataka kuiona miti ikikimbia."