Umeme wa Mayai ya Kaswera

Mashirika ya misaada yalipofunga ofisi zao Goma, Sumaya alibaki na kompyuta kubwa mezani bila kazi ya kuitumia. Kwa miaka mingi alikuwa akitafsiri ripoti za watu wengine. Sasa alikaa nyumbani, mtaani Keshero, akisoma habari za nyota, jambo alilolipenda tangu shuleni. Ndipo akakuta programu ya wanasayansi waliokuwa wakiomba watu wa kawaida wawaazime kompyuta zao wakati hazitumiki. Kompyuta ilipokea vipande vya kelele zilizonaswa na antena kubwa kutoka angani, ikavichambua polepole, ikitafuta ishara ambayo huenda ilitumwa na viumbe wa dunia nyingine. Sumaya alipenda kuangalia mistari ya rangi ikipanda na kushuka. Alijiona bado ana kazi.

Shida ilikuwa umeme. Katika parseli yao, kiwanja chenye nyumba kadhaa na ua mmoja, aliishi na Kaswera, mjane kutoka Butembo, na walikuwa wamenunua pamoja paneli za jua na betri. Kaswera alikuwa na mashine ya kuangulia mayai, na vifaranga vyake vilijulikana hadi mtaa wa Katindo. Walikubaliana jambo moja tu: mayai yakiwa kwenye mashine na mawingu yakitanda, kompyuta inazimwa.

Asubuhi moja ya mvua, Kaswera alimwita aone yai lililoanza kutoboka. Ukilikaribia ulisikia mlio mdogo ndani yake. Kisha Kaswera akaenda kwenye maziko ya ndugu wa ukoo, na Sumaya akajitayarisha kwenda kwa shangazi yake Ramla. Kabla ya kutoka alisimama mbele ya kompyuta. Kipande kilichokuwa kikichambuliwa kilikaribia kumalizika. Aliangalia mawingu, akajiambia hatakawia, akaiacha ikiendelea.

Kwa shangazi kulikuwa na wageni kutoka Kindu, na mazungumzo yalikuwa matamu. Alikumbuka kompyuta, akainuka, akaambiwa chakula kiko tayari. Akaketi tena.

Aliporudi alimkuta Kaswera ameketi chini, kando ya mashine, mkono juu ya mayai yaliyopoa. Betri zilikuwa zimekwisha umeme kabisa. Kifaranga kimoja kilikuwa kimetoa mdomo tu, kikafia hapo. Sumaya aliingia kwanza kwake, akachomoa waya wa kompyuta isionekane ikiwa imeunganishwa, ndipo akatoka kuketi naye na kumpa pole. Hilo ndilo lililomtesa baadaye, kwamba waya ulitangulia.

Kesho yake Kaswera alimwita Julien, fundi aliyewawekea betri, akamwambia mbele ya majirani kwamba aliwauzia vitu vibovu. Julien alizipima betri, akashangaa kuzikuta nzima. Lakini alipoona yale mayai aliomba msamaha, akasema labda alifunga waya vibaya. Sumaya alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia kila neno. Julien akakusanya vyombo vyake, akaondoka ameinamisha kichwa.

Siku ile Sumaya hakula. Kwenye sala ya adhuhuri alipotea katika rakaa, akaanza upya, akapotea tena. Mwishowe akavuka ua.

“Mama Kaswera, Julien hana kosa. Ni mimi niliacha ordinatere, ile kompyuta yangu, inatumika siku muzima.”

Kaswera aliendelea kuosha sinia za mashine. Aliuliza ilikuwa ikifanya nini. Sumaya akaeleza kuhusu antena, kelele na viumbe wa mbali, na kila neno lilimtoka likiwa dogo na la kijinga.

“Na wale watu wa mbali, walikuitikia?”

“Hapana, mama.”

Sumaya akasema atanunua mayai mengine. Kaswera alitikisa kichwa.

“Mayai nitapata. Lakini uliketi hapa pembeni yangu, ukaniambia pole. Na ukaniacha nitukane mutu bure.”

Walikwenda pamoja kwa Julien. Sumaya alisema yote mbele ya mke wa fundi. Julien alimshukuru. Baadaye alikuja kutenganisha nyaya, kila mmoja na betri yake. Kaswera ndiye aliyeomba hivyo.

Wanasalimiana kila asubuhi, na Kaswera hana uchungu katika sauti. Lakini akisafiri, anamwachia ufunguo wa chumba cha mashine mama Athanasie, anayekaa nyumba ya tatu. Sumaya humwona akivuka ua na kwenda kuyaangalia mayai, humkaribisha chai, na Athanasie hujibu kwamba ana haraka.