Lango la Mashariki Nyuma ya Nyumba

Tangu Aleid akiwa mtoto, baba yake, mzee Teunis, alikuwa akiapa kwamba lango la mashariki la ngome ya Warumi liko chini ya ua wa nyumba yao. Ngome yenyewe ilikuwa ndogo, kambi ya askari waliokaa kuuchunga mto Rhine na kuilaani mvua, na mji mzima umeikalia juu tangu enzi na enzi. Lango la magharibi lilishapatikana. La mashariki, wapi! Wasomi walimcheka Teunis, fundi bomba aliyechimba kwa kujitolea, naye akatia pamba masikioni.

Aleid hakucheka. Alisomea uchimbaji wa mambo ya kale, akakataa kazi nzuri kule Roma, akaachana na mchumba aliyechoka kusubiri, yote kwa ajili ya lango. Sasa nyumba ilikuwa imebomolewa ili yajengwe maghorofa, manispaa imempa nafasi ya kuchimba kwanza, na baba yake amelala nyumba ya wazee, hali yake mbaya. Alitaka kumpelekea lango kabla hajafa, basi.

"Bosi, ukizidi kuinamia hilo shimo utaota mizizi," mwenzake Joost alimtania. "Njoo unywe supu ya njegere, inapoa."

"Kunywa wewe. Hapa udongo umebadilika."

Nguzo za mbao huoza, lakini huacha madoa meusi ardhini. Aleid alikuwa akitafuta madoa hayo. Badala yake alikuta mchanga mweupe wa dukani, umemwagwa vizuri, na chini yake sarafu ya gulden, pesa ya zamani ya Uholanzi, yenye uso wa Malkia Juliana, imetobolewa katikati. Ilikuwa ya mwaka ule mama yake alipofariki.

Joost aliacha utani. Wachimbaji wana desturi hiyo: kabla ya kufukia shimo unaacha sarafu mpya chini kabisa, ili atakayekuja ajue ametanguliwa. Ila aliyezitoboa kwanza, zisije zikadhaniwa zimedondoka tu, alikuwa mmoja, na Aleid utotoni ndiye aliyemshikia msumari.

"Mtu ameshachimba hapa, na hakupata kitu," Joost alisema taratibu. "Pole sana."

Aleid alichimba zaidi kwa ubishi tu. Chini ya mchanga kulikuwa na matope ya mto, safi, ambayo hakuna Mrumi aliyewahi kuyagusa.

Jioni alikwenda na matope yake miguuni hadi kitandani kwa baba yake.

"Umelipata?" Teunis aliuliza, macho yakimkwepa.

"Nimepata sarafu yako, Baba."

Mzee aligeukia ukutani.

"Ulikuwa huongei," alisema mwishowe. "Tulipomzika mama yako ukafunga mdomo. Kula hutaki, shule hutaki. Siku moja nikakusimulia habari za lango, ukauliza, lilikuwa na walinzi? Mwanangu, nililia jikoni. Nikachimba ulipokuwa kwa shangazi yako, nina hakika nitalipata. Sasa ningerudije kukwambia hamna?"

"Nilikuwa mtoto! Leo nina mvi, Baba! Mbona hukuniambia nilipokua? Roma nimeikataa mimi!"

"Siku ile ulipopiga simu kuhusu Roma nilishafungua mdomo nikwambie." Alivuta shuka hadi kifuani. "Halafu nikajiona umekwenda, nimebaki peke yangu mle nyumbani. Hapo sikudanganya kwa ajili yako tena."

Aleid alimchukia. Alimpenda pia, na hilo ndilo lililomuumiza zaidi. Chakula kilipoletwa mkono wa mzee ulishindwa kushika kijiko, basi akaketi akamlisha, machozi yakimtiririka.

Muuguzi alipita kusema muda wa wageni umekwisha, arudi nyumbani akapumzike. Aleid akavaa koti, akashuka ngazi, akasimama mlangoni, asijue aende kwa nani.