Chaneli ya Hali ya Hewa

Mume wangu Delbert ni mzimamoto wa kujitolea, na ni mwongo. Si mwongo wa kila kitu, ni wa moto tu. Alipowekewa kimrija kwenye mshipa wa moyo, aliniapia mbele ya daktari kwamba ataendesha gari la zimamoto, atashika mpira wa maji akiwa nje, lakini ndani ya nyumba inayowaka hataingia tena. Tangu hapo kila akirudi ananiambia, "Nilikuwa garini tu," na mimi nanusa shati lake.

Ndiyo maana nikanunua skana. Hapa kwetu Pennsylvania, nyumba nyingi zina redio hiyo juu ya jokofu. Inaruka chaneli moja hadi nyingine ikitafuta anayeongea: polisi, ambulensi, zimamoto. Watu wanapika huku wanasikia gari la nani limeingia mtaroni. Mimi sikuwahi kuitaka, maana umbea wa kanisani ulinitosha.

Takataka ile ilinitesa. Siku ya kwanza ilikwaruza bila kukoma, nikakaza kitufe chake cha kuzungusha mpaka mwisho ili inyamaze. Ikanyamaza kweli. King'ora kikalia juu ya paa la jumba la zimamoto, Delbert akatoka mbio na kiatu mkononi, na skana yangu kimya, kama imeninunia. Nikasoma kijitabu chake. Kiliandikwa na mtu anayechukia watu.

Nikashindwa, nikamwita Chet, jirani yetu aliyefiwa na mke, ambaye ana skana tatu na hazima hata moja. Aliutazama ule mtambo, akacheka mpaka akashika meza.

"Shemeji, umeiziba mdomo! Kitufe ukikikaza hivi, hata kaunti nzima iungue husikii kitu. Kilegeze mpaka ianze kukwaruza, halafu kirudishe kidogo tu. Umeona?"

"Kijitabu hakikusema hivyo."

"Kilisema. Wewe ulikuwa unakitukana."

Akaniwekea chaneli za kaunti yetu, akibonyeza huku anapiga mluzi. Mara ikasema! Jamaa mmoja, sauti kavu, anatangaza mawingu na upepo wa kusini.

"Huyu wa hali ya hewa mtoe," Chet akasema. "Halali huyu, hata kupumua hapumui. Skana ikimwangukia, haitoki tena."

"Mwache."

"Shemeji..."

"Chet, nina miche ya nyanya nje, na baridi ya Mei haina adabu. Mwache!"

"Haya, bosi. Usije ukanililia."

Jumamosi hiyo mchana king'ora kikalia. Delbert akanibusu shavuni, akaondoka. Nikabaki nakata kabichi, masikio yote kwenye skana, na safari hii waliongea bila kupumzika, skana ikabaki kwao, nikasikia kila kitu: nyumba ya ghorofa karibu na shule ya zamani, moshi mzito, hakuna aliyenaswa ndani. Nikamsikia Marvin, mkuu wa kikosi, akiomba maji zaidi. Sauti ya Delbert sikuisikia, na moyo wangu ukatulia. Nikajiambia yupo garini. Nikaona hata aibu kidogo kwa kumshuku.

Moto ukikolea, mkuu husimamisha kila kitu akawahesabu walio ndani, jina kwa jina. Asiyejibu, wenzake wanamfuata. Marvin akaanza hesabu.

"Walio ndani, jibuni. Kostelnik?"

"Nipo, kwenye ngazi."

"Delbert?"

Kimya. Skana ikaruka.

"...na kesho asubuhi mawingu kiasi, pamoja na uwezekano wa manyunyu..."

Nilibonyeza kitufe cha kwanza nilichokiona. Manyunyu. Nikabonyeza vyote. Nikaipiga kofi. Yule jamaa akaendelea kunieleza kasi ya upepo, sauti ileile, bila haraka. Nilimchukia kuliko nilivyowahi kumchukia mtu yeyote. Nikatupa kisu, nikatoka mbio na ndala, nikakanyaga miche yangu mwenyewe ili kufupisha njia, nikaingia kwa Chet bila kubisha hodi.

"Alijibu?"

Chet alikuwa ameshasimama. "Alijibu, shemeji. Alikohoa kwanza, halafu akajibu. Wameshatoka wote. Kaa, kaa chini."

Sikukaa. Nililia nimesimama pale pale, kwa hasira.

Delbert alirudi jioni, nywele mbichi, shati jipya la akiba. Akafunua sufuria.

"Kabichi! Safi sana. Nina njaa."

"Ulikuwa wapi?"

"Garini tu."

"Nimekusikia ukihesabiwa, Delbert."

Akafunika sufuria taratibu. Akaitazama skana juu ya jokofu, kisha akanitazama mimi.

"Kostelnik ni mgeni kikosini," akasema. "Nisingeweza kumwacha aingie peke yake."

"Na mimi?"

Akavuta kiti, akakaa, akakuna shavu.

"Ungeniambia unasikiliza."

"Ningekuambia ungekaa nje?"

Angalau hapo hakudanganya. "Hapana. Ningemwomba Marvin asiliite jina langu."

Niliona giza. Jina lisipoitwa, paa likianguka nani atajua yumo? Nilimpa sahani yake, nikashindwa kula yangu. Nilimtukana kwa sauti na kwa moyo, naye alikula akiinamisha kichwa, na nilijua king'ora kikilia tena atakwenda.

Asubuhi yake nilichomoa skana, nikamfungulia Delbert mlango wa gereji aone nikiitoa, nikampelekea Chet.

"Unasusa, shemeji? Si imeshakubali? Tutoe tu yule wa hali ya hewa."

"Baki nayo," nikamwambia. "Nikisikiliza, atamwomba Marvin asimwite. Basi aitwe, mimi nisisikie. Ukimsikia akijibu, usiniambie kitu."

"Na nisipomsikia?"

"Njoo unigongee."